Sauti Niliyoiacha Chini ya Mabati

Nakuandikia wewe uliyetoka hospitali ukiwa umeambiwa unyamaze, ukacheka moyoni kwa kudhani hiyo ni dawa nyepesi kuliko sindano. Nami nilicheka. Kisha basi likasimama Nzega, mama mmoja mtu mzima akapanda, akakaa kiti cha jirani na kuniuliza kama nafika Tabora. Nikafungua mdomo, nikakumbuka, nikaufunga, nikabaki kutikisa kichwa kama mjusi kafiri. Sikumwamkia. Alinitazama juu hadi chini, akahamishia kikapu chake upande wa pili. "Watoto wa siku hizi," alisema, wala hakusema kwa sauti ndogo. Nina umri wa kuitwa mama na watoto wa watu, lakini safari nzima nilikaa pale kama binti aliyekosa malezi.

Ningependa kukuahidi kwamba utapona. Siwezi, maana hata mimi nikiulizwa kama nimepona huwa nasita kwanza. Nitakueleza yaliyonipata, wewe chukua la kukufaa.

Jina langu Hidaya. Naishi Isevya, Tabora mjini, na mume wangu Jumanne, fundi wa pikipiki, pamoja na mama yake, Bi Mwajuma. Presha ya macho ilimmaliza Bi Mwajuma uoni kabla sijaolewa, kwa hiyo mama mkwe wangu hajawahi kuniona hata siku moja. Ananijua kwa sauti. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake, nikapiga magoti na kusema shikamoo, aliitikia, kisha akamwambia mwanawe, "Huyu ana sauti iliyoshiba. Muoe." Jumanne hupenda kudai kwamba alikuwa ameshaamua mwenyewe.

Mchana nilifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Malori yanashusha mpunga wa Igunga, mashine inanguruma tangu asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kuita majina ya wenye magunia. Ukiita kwa adabu hakuna anayesikia. Jioni nilikwenda kuimba. Kikundi chetu kilianza na harusi na maulidi, hadi Mwalimu Kashindye, aliyestaafu kufundisha muziki, alipotutungia mchezo wa jukwaani unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Aliuita *Mke wa Mpagazi*. Ni habari ya Nyamizi, mwanamke wa hapa kwetu enzi za misafara, ambaye mumewe alibeba pembe za ndovu kwenda pwani na hakurudi; naye anaifuata njia ile ile, kisima hadi kisima, akimuulizia.

Nyamizi alikuwa mimi.

Watu hudhani kuimba ni kuimba tu. Harusini unasimama, umeshika kipaza sauti, ukichoka unamwachia mwenzio kiitikio nawe unakunywa soda. Nyamizi hamwachii mtu. Anaanza kwa wimbo wa kutwanga, na mchi mkononi. Anaimba akiwa na mzigo kichwani, shingo imekaza. Anacheza, na pumzi inayobaki baada ya kucheza ndiyo ya kuimbia. Analia, na kilio kisiivunje sauti, kwa sababu watazamaji wamekuja kusikia maneno. Anaugombeza msafara mzima wa wanaume walio na ngoma. Halafu, wakati mwili wote unataka kukaa chini, ndipo unapokuja wimbo wa kisima cha mwisho, ambao unapanda na kupanda mpaka mahali ambapo unahisi kisigino kinaacha ardhi. Mwalimu hakutaka vipaza sauti. Umeme wetu unajulikana, alisema, na Nyamizi halisi hakuwa na waya. Sauti ilipaswa kumfikia mwanamke wa safu ya nyuma kabisa mwenye mtoto anayelia.

Nami niliifikisha. Nasema hivi bila haya. Nilipofika pale juu ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha kifuani. Sijawahi kupata raha nyingine inayofanana nayo, Jumanne anisamehe.

Mvua za kwanza zilitukuta mazoezini, kwenye ukumbi wa shule usio na dari. Mvua ya Tabora ikishuka juu ya mabati hata mawazo yako huyasikii. Wenzangu waliacha kuimba, wakacheka, wakaziba masikio. Mimi nilikuwa kwenye wimbo wa kisima cha mwisho. Sikuacha. Niliamua kwamba mvua ndiyo itakayoacha. Nilipofika juu wote walikuwa wamesimama wakipiga vigelegele, na Mwalimu Kashindye alikuwa amevua miwani anafuta macho. Katikati ya sifa zile nilisikia kitu kidogo kooni, kama uzi wa kushonea ukikatika. Hakikuuma. Jioni iliyofuata tukarudia, mvua nayo ikarudia, nami nikaishinda tena.

Asubuhi moja nikaamka na sauti nzito. "Shemeji, umeingia saa ngapi?" Jumanne aliniuliza, tukacheka sana.

Mtu wa Tabora akiumwa hupewa asali kwanza, maswali baadaye. Kwetu asali ni ya kidonda, ya kikohozi, na ya bwana harusi. Niliinywa ya kijijini Ipole, nyeusi, iliyochanganywa na tangawizi. Nilimeza mayai mabichi. Nilitafuna karafuu. Duka la dawa walinipa vidonge vya kumung'unya, kisha vya kumeza, kisha wakanishauri nimwombe Mungu. Sauti ilirudi nusu, ikaondoka, ikarudi robo. Nikisema "Karibu," neno lilikatika katikati, "ka" ikatoka na "ribu" ikabaki. Shingo ilikaza mpaka chini ya masikio. Kooni nilihisi kitu kama mfupa wa samaki, nikawa nakohoa kukitoa, hakitoki. Kwenye mashine wenye magunia wakaanza kulalamika kwamba hawaitwi.

Mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, yalikuwa yanawaka, harufu ya majani yanayokaushwa imefika hadi mjini, nilipopanda basi la Mwanza kwenda hospitali ya rufaa.

Sitakuchosha na elimu ya daktari. Nitakueleza benchi. Chumba cha kusubiri cha koo na masikio kina watu wa namna mbili, wasiosikia na wasioweza kusema, na nesi anaita majina mara moja tu. Aliponiita nilijibu, ikatoka hewa. Akaita mwingine. Nilinyoosha mkono, akadhani nauliza choo, akanionyesha choo. Machozi yalinitoka pale pale, mimi niliyewahi kuishinda mvua. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, mfugaji kutoka Igunga, shingo ameifunga kanga kuficha uvimbe wake, akaniuliza jina. Nikaliandika kiganjani kwa kidole. Hakujua kusoma, akacheka, akamsimamisha nesi kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Sista, huyu hapa mnayemtafuta, hana sauti, msimruke!" Siku nzima alikuwa msemaji wangu. Sikuwahi kumshukuru kwa neno, na leo nikikutana naye njiani sijui kama atanitambua.

Walinipitishia kamera puani, daktari akanionyesha kwenye kioo nyuzi zangu za sauti. Nilitegemea kitu kikubwa. Zilikuwa vitu viwili vidogo vyeupe, na kimoja kina kivimbe chekundu kama punje ya uwele. Punje ile ndiyo iliyonifunga. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, alisema tutajaribu kwanza kunyamaza. Kunyamaza kabisa, mpaka tutakapoonana tena.

Nikanyamaza. Ndivyo nilivyoamini.

Sasa niambie, wewe ambaye umelelewa kwetu, utatokaje nyumbani asubuhi bila kuamkia? Mama mkwe yuko barazani. Jirani mzee anachambua mchele. Muuza kahawa, babu wa watu. Mzee wa dukani. Bibi anayerudi kisimani. Kumpita mtu mzima kimya ni heri umtukane, maana tusi huombewa msamaha. Sikuweza. Kwa hiyo nilinong'ona. Nilisogea karibu, nikainama, nikanong'ona shikamoo, nikaenda kwa mwingine. Nilijiona nimepata ujanja mkubwa: sauti imepumzika, na adabu imebaki mahali pake.

Niliporudi Mwanza, msimu wa asali ukiwa umeanza, kivimbe kilikuwa kimeongezeka. Daktari alitazama kioo muda mrefu.

"Umekuwa ukiongea?"

Nikatikisa kichwa.

"Kunong'ona je?"

Nikaandika kwenye karatasi: *Shikamoo tu.*

"Kwa siku mara ngapi?"

Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa, nikafungua mikono yote miwili. Hakunicheka. Alinieleza kwamba kunong'ona kunazikaza nyuzi zile na kuzikwaruza zaidi ya kusema. "Mama Hidaya," alisema, "shikamoo ndiyo imekuwa ikila sauti yako." Akaandika kwamba nitapasuliwa.

Jina la ugonjwa lisilotajwa lilikuwa limeshatembea Isevya kabla sijarudi. Watu walikuja kunitazama kama anayeaga. Jumanne hakuuliza, ila usiku alikuwa ananiwekea mkono shingoni taratibu, akidhani nimelala. Walipopima ile punje baada ya kuitoa hawakukuta kitu cha kutisha. Alhamdulillahi. Jumanne alitoka nje ya hospitali, akanunua mahindi ya kuchoma, akarudi nayo mkononi, akakumbuka siwezi kuyala, akayala yote mwenyewe huku analia.

Kabla ya upasuaji Mwalimu Kashindye alikuwa amekuja nyumbani. Alikaa akizungusha kofia yake. "Hidaya, watu wanasubiri mchezo," alisema. "Nataka tuuonyeshe kiangazi kikiisha. Rehema anaujua wote." Rehema ni wifi yangu, mdogo wake Jumanne, muuza mitumba sokoni, alikuwa anaitikia nyuma yangu tangu mwanzo. Alikuwa amekaa pale pale mkekani, ameinamisha uso. Nilimtazama Jumanne, nikitegemea aseme neno. "Mwache aimbe," alisema. "Wewe pona kwanza." Alisema kweli, nami nilimchukia kwa wiki kadhaa.

Nilimwonea Rehema wivu. Nalitaja neno lenyewe, usije ukadhani wivu ni wako peke yako. Alifanyia mazoezi uani kwetu, kwa sababu kwake hakuna nafasi, nami nikawa napika huku nasikia nyimbo zangu zikitoka kwenye kifua cha mtu mwingine. Mtu anayegombana bila sauti hubakiwa na vyombo. Nilibamiza mfuniko wa sufuria mpaka Jumanne akachungulia jikoni: "Hidaya, kasirika taratibu, huo mfuniko ni wa kuazima." Nikataka kucheka, nikakumbuka hata kucheka nimekatazwa.

Baada ya upasuaji ukimya ulikuwa wa kweli. Si neno, si mnong'ono, si kukohoa kwa makusudi. Binti yetu Zainabu yuko shule ya bweni Nzega, na Jumapili matroni huwaazima simu. Jumanne aliniwekea simu sikioni, nami niligonga kwa kucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. "Mama, unaumwa sana?" Nikagonga mara mbili. "Mama, umenikumbuka?" Nikagonga moja, kisha nikaendelea kugonga mpaka Jumanne akaichukua simu.

Lakini aliyeumia zaidi ni Bi Mwajuma. Wewe unayeona, mtu akiingia kimya utamwona. Yeye alisikia mlango, akasikia kandambili, akasubiri salamu, isije. Aliambiwa, akaelewa, kisha asubuhi iliyofuata akasahau kwamba ameelewa. "Nyumba hii siku hizi ina jini," alimwambia Rehema nikiwa pale pale nammwagia maji mikononi. "Linapika vizuri, ila halina salamu." Nilimshika mkono nikauweka shavuni kwangu. Akautoa. "Sipendi kupapaswa," alisema. Mtu asiyeona huguswa na kila mtu, na kila mtu hudhani anamfariji.

Nililia siku ile jikoni, bila sauti. Kulia hivyo kunaumiza mbavu.

Jambo lililonisaidia nililitoa kwa bibi yangu mzaa mama, marehemu, wa kule Ipole. Tulipokuwa wadogo tukipelekwa likizo, tuliwaona wanawake wa kijijini wakikutana na mkubwa: wanakunja magoti, wanaviinamisha vichwa, wanapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili mlio uwe wa chini. Sisi wa mjini tuliona ni mambo ya porini. Tulikuwa tunawaigiza tukirudi Tabora, tunachekana. Bi Mwajuma mwenyewe alikuwa wa kwanza kujitenga na hayo. Yeye ni mtoto wa mjini, husema, kwao ni nyumba za milango ya nakshi.

Asubuhi moja nilifika barazani, nikapiga magoti mbele yake, nikapiga makofi polepole kama bibi.

Bi Mwajuma aliacha kutafuna. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya msichana, "Mwangaluka." Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akitamka neno la lugha hiyo.

"Nani amekufundisha?" aliuliza, akajijibu mwenyewe. "Huwezi kusema, masikini. Mama yangu alikuwa akimwamkia baba hivyo, kule shambani, kabla hatujahamia huku kujifanya Waarabu." Akanyoosha mkono hewani, akausubiri wangu uje wenyewe. Akapapasa vidole vyangu mpaka kwenye pete ya ndoa. "Ndiyo. Kofi lako linalia pete. Sasa nitakujua."

Kuanzia hapo nilipiga makofi mtaa mzima. Mwanzoni vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Jirani mchambua mchele aliweka ungo chini na kunipigia yake. Babu wa kahawa aliitikia "marahaba" kutoka ng'ambo ya barabara kabla sijasimama. Ukiambiwa unyamaze, ndugu yangu, usitafute namna ya kusema kwa wizi. Tafuta namna nyingine ya kuheshimu watu, kwenu lazima ipo, pengine mliiacha mahali mkiicheka.

Kiangazi kilikuwa kimeshika, vumbi hadi kwenye chai, nilipoanza mazoezi ya mrija. Unachovya mrija kwenye glasi ya maji unapuliza, ukitoa sauti ndogo sana ndani yake, yaani mlio wa maharage yanayochemka. Rehema alikuja kukaa nami. Alipuliza na wa kwake bila kuambiwa, tukachemsha maharage wawili, kila mmoja na glasi yake. Siku hiyo nilianza kumfundisha kwa mikono: hapa vuta pumzi tumboni, hapa shusha mabega, hapa usiumie. Hakuniuliza kwa nini nimebadilika. Sikuwa nimebadilika sana.

Miti ya miyombo ilipoanza kutoa majani mekundu, daktari aliniruhusu kusema. Dakika chache tu kwa siku, kwa sauti ya kawaida, kisha ninyamaze. Ndani ya basi la kurudi nilikuwa tajiri anayefikiria atumie wapi. Jumanne alitaka jina lake. Zainabu alikuwa anasubiri simu ya Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshaamua tangu Mwanza. Nilishuka, nikaenda moja kwa moja barazani, nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

Bi Mwajuma aligeuza kichwa. "Marahaba," aliitikia kwa upole ule wa kumpokea mgeni. "Karibu. Nani mwenzangu?"

Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeisikia kwa daktari nikajidanganya kwamba ni masikio yangu. Ilikuwa nyembamba, kavu, bila ile shibe iliyoniozesha. Nikaangalia uani, Jumanne amesimama na begi langu, naye uso wake ulinieleza kwamba hata yeye amesikia. Sikusema tena. Nikapiga makofi, pete ikalia.

"Aa," alisema Bi Mwajuma. "Ni wewe." Akanitafuta kichwa, akauweka mkono wake hapo.

Sitaki kukudanganya kuhusu wimbo wa kisima cha mwisho. Nilikuwa nautamani kuliko chakula. Niliota naimba, nikaamka nimevuta pumzi tayari. Nikichota maji, unakuja. Nikipanga kuni, unakuja. Daktari alisema huenda siku moja nikaimba tena nyimbo za chini, za polepole; lakini kule juu, alisema, "tusipalazimishe." Nilijaribu mara moja tu, kidogo, chooni, bomba limefunguliwa. Nilipofika mlangoni pa ile sauti, palikuwa na hewa tupu.

Mwalimu Kashindye alinipa nafasi ya mwanamke wa kisimani, asiyesema wala kuimba: anachota maji, anamtwika Nyamizi mtungi. Niliikubali. Nikajiambia ni heri niwe karibu. Kuwa karibu ndiko kulikoniumiza, lakini hata sasa nisingechagua kukaa mbali.

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kwenye ukumbi ule ule. Watu walijaa mpaka madirishani. Bi Mwajuma alikaa mbele, amevaa kanga mpya, Jumanne pembeni yake. Rehema aliimba vizuri tangu wimbo wa kutwanga. Aliimba kwa namna yake, laini kuliko yangu, na watu walimpenda. Tukafika kisima cha mwisho. Nikamtwika mtungi, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Akaanza.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Zilipiga mabati mara moja, bila onyo.

Niliuona mdomo wa Rehema ukifunguka, lakini sisikii kitu. Nikaona macho yake yakiangalia safu ya nyuma, kisha yakibadilika. Nayajua macho yale. Alivuta pumzi ya juu, mabega yakapanda, mishipa ya shingo ikasimama, sauti ikaanza kutoboa ngurumo. Watazamaji wakaanza kushangilia, kama walivyonishangilia mimi.

Na hapo, nikuambie ukweli wote, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Nilikuwa kisimani, kwenye ukumbi wangu, mvua yangu juu. Kifua kilijaa chenyewe. Nilijua ningeweza kuuimba wimbo ule. Mara moja tu, wote, mpaka kule juu, na sauti isirudi tena kamwe. Na kwa dakika ile nilidhani bei hiyo ni ndogo. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka.

Uzi ule ukakatika tena masikioni mwangu. Nilimtazama shingo wifi yangu.

Nikaenda mbele yake, nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole. Alinitazama kama mwendawazimu. Nikaweka kidole mdomoni mwangu, nikatikisa kichwa, nikapiga tena. Nilimaanisha: usishindane na mvua. Wanawake wa kundi letu waliponiona wakapiga magoti mmoja mmoja, wakapiga na wao. Rehema akafunga mdomo. Mabega yakashuka.

Kwa muda hapakuwa na mchezo, palikuwa na mvua na wanawake waliopiga magoti. Mwalimu Kashindye alikuwa ametoka nusu kwenye pazia, ameshika kichwa. Kisha bibi mmoja wa safu za kati, wa kutoka vijijini kwa namna alivyojifunga, akakunja viganja akaitikia. Akafuata mwingine. Wa mjini nao wakaanza, kwa haya kwanza. Mlio wa makofi yale ulipita chini ya mvua, haukusikika kwa masikio bali kwa mbao za jukwaa, magotini. Nyamizi alisimama katikati na mtungi wake kama mtu anayengoja majibu kuhusu mumewe kutoka kwa watu wote walio njiani.

Mvua ikachoka, kama mvua zote. Mabati yakabaki kudondosha. Rehema akaanza upya, chini kabisa, bila haraka. Akapanda. Alipofika pale juu hakupiga kelele, alipafikia tu, kama anayefungua mlango wa nyumba yake, na mtoto wa nyuma aliyekuwa analia alinyamaza. Mimi nilikuwa bado magotini, uso chini. Watu walidhani nalia kwa ajili ya Nyamizi.

Nilitamani iwe yangu. Bado natamani. Watu wakiniambia nimefanya jambo jema naitikia vizuri, na ndani natamani.

Asubuhi yake Tabora ilikuwa imeoshwa. Niliamka na wimbo kooni, nikaupisha, nikapika uji. Niliubeba barazani kwa mikono miwili, bakuli limejaa hadi ukingoni. Bi Mwajuma alikuwa amekaa, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilisimama mbele yake. Sikuwa na mkono wa kupigia makofi, na chini pote palikuwa na matope, sina pa kuliweka bakuli. Nikasema kwa sauti hii niliyo nayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Hidaya," alisema. "Lete uji, unapoa."